Aliyelegeza Breki

Mara ya kwanza pikipiki ilipokataa kuwaka, Mukunde alijilaumu mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na wenzake wa Imisozi, kundi la waendesha pikipiki, walikuwa wakimsubiri kituo cha mafuta cha Remera ili waende wote ziwa Muhazi. Yeye alikuwa bado uani kwake Kibagabaga, amevaa jaketi na mabuti, anabonyeza swichi. Injini inakohoa kidogo kisha inanyamaza. Alipoinama kuitazama, aliona waya wa plagi umechomoka. Aliurudisha mahali pake, lakini alikuwa amekwisha kuachwa. Connie, mwanasheria aliyeongoza kundi lile, hakumngoja mtu, wala hakutaka aliyechelewa awafuate wenzake mbio barabarani.

Mukunde alidhani hakuukaza vizuri. Alirudi ndani, akavua mabuti, akanywa chai na mumewe. Bayingana alimpa pole, akampakia mkate siagi.

Ilikuwa pikipiki ya kumfanya mtu apite mara mbili ili aitazame tena. Hapo awali ilikuwa Honda chakavu iliyoletwa kutoka Kampala juu ya lori la matofali. Gakwaya, fundi wa Kinyinya aliyeacha kazi ya benki kwa kupenda spana, aliikata fremu nyuma, akaiwekea siti nyembamba ya ngozi ya kahawia, akaipandisha ekzosi ubavuni na kuivalisha tairi zenye meno kwa ajili ya barabara za vumbi. Tangi alilipaka kijani kilichokolea. Connie aliendesha BMW kubwa kama ndama, na wengine kundini waliota pikipiki mpya za kuagizwa kutoka ng'ambo. Lakini waliposimama kupumzika, watu walikwenda moja kwa moja kwenye ile ya Mukunde.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Mwita. Huyu alikuwa Mtanzania wa Tarime, afisa wa kampuni ya usafirishaji, naye pia mwanakundi, na alipanga nyumba ndogo iliyo nyuma, uani kwa Mukunde. Mukunde alikulia Karagwe kabla wazazi wake hawajarejea Rwanda, na kuzungumza na Mwita kulimrudishia Kiswahili cha utotoni. Mwita alimwita Mama Shami, kwa jina la binti wa Mukunde na Bayingana aliyekuwa shule ya bweni, na hakupitisha wiki bila kumwambia kwamba siku akichoka na ile Honda, asimtafute mnunuzi mbali.

Mara ya pili haikuwa waya. Fyuzi ilikuwa haipo. Mukunde aliitafuta chini, akaitafuta chini ya siti na hata mifukoni mwake, asiione. Yeye ni mfamasia. Dukani kwake kila chupa ina mahali pake, na kitu kikitoka mahali pake hujua kuna mkono uliokitoa. Alisimama pale uani akitazama mlango wa Mwita. Pikipiki ya Mwita ilikuwa imekwisha kuondoka.

Tangu siku hiyo alianza kumchunga. Aligundua mambo ambayo zamani hayakuwa na maana: Mwita hupita karibu na Honda hata pasipo na haja, huigusa siti kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe wake. Ijumaa moja jioni alimkuta amechuchumaa kando yake, taa ya simu inawaka. Mwita alisema anaangalia jinsi Gakwaya alivyochomelea fremu, maana anataka naye atengenezewe siti ya namna ile. Mukunde alimjibu kwa adabu. Kesho yake waya wa plagi ulikuwa umechomoka tena.

Alimweleza Bayingana. Mumewe alikuwa akifunga tai mbele ya kioo, na mikono yake ilisimama kidogo. Akasema mambo ya watu ni magumu kuyajua. Akasema labda. Mukunde alilichukua lile neno kama ushahidi.

Jumamosi iliyofuata alichukua pikipiki ya abiria hadi Remera, akasimama mbele ya kundi zima na kusema aliyoyaona. Hakupaza sauti. Connie alimgeukia Mwita, akamuuliza kama ni kweli amewahi kuigusa pikipiki ya mwenzake bila ruhusa.

"Nimeigusa, ndiyo," Mwita alisema. "Lakini Mama Shami, mimi nikiitaka hiyo pikipiki, naiomba. Nimekuomba mara ngapi? Mtu anayeiba haombi kwanza."

Connie alisema kundi lina sheria chache, na ya kwanza ni kwamba chombo cha mtu hakiguswi, kwa sababu fyuzi ya leo inaweza kuwa nati ya gurudumu kesho. Akamtaka Mwita akae kando mpaka jambo lieleweke. Mwita alivaa helmeti yake polepole, akafunga mkanda wake kidevuni, akaondoka bila kuvuta mafuta kwa hasira, kwa mwendo uleule wa siku zote.

Mwezi ulipokwisha alihamia Kabuga. Bayingana alimsaidia kubeba godoro na meza hadi kwenye gari la mizigo, na Mukunde aliwatazama kutoka dirishani. Alijisikia amepata haki yake, na bado hakupata usingizi mzuri. Alibadilisha kufuli la geti. Funguo zilikuwa mbili tu, wake na wa mumewe. Sasa alitembea na fyuzi za akiba ndani ya jaketi, na waya wa plagi aliufunga kwa kibanio.

Jumamosi mbili alikwenda na kurudi salama. Ya tatu ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Alikuwa na desturi ya kuizunguka pikipiki kabla ya kupanda: tairi, mnyororo, taa, kisha breki. Alibana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaenda wote mpaka ukagota kwenye usukani, mwepesi, kama unabana sifongo. Alichuchumaa. Mafuta ya breki yalikuwa yamechuruzika kwenye diski na kutua sakafuni. Kutoka getini kwao barabara inateremka moja kwa moja hadi kona kubwa, na ukutani pale kwenye kona hakuna hata kichaka.

Alikaa chini kwenye saruji, glavu mkononi. Geti lilikuwa limefungwa usiku kucha. Mwita alikuwa Kabuga. Mawazo yake yalizunguka mtaa mzima yakitafuta mtu mwingine, jirani, mpita njia, yeyote, na kila yaliporudi yalirudi mlango uleule wa nyumba yake.

Hakumwambia Bayingana kitu. Alimpigia Gakwaya, naye akaja na mkoba wake. Alimulika ile bolti inayoshika paipu ya breki, akaigusa kwa ncha ya kidole. Pembe zake zilikuwa zimetafunika.

"Hii imefunguliwa kwa spana isiyo saizi yake," alisema. "Mtu wa pikipiki hafanyi hivi, Mukunde. Mwita ana spana nzuri kuliko zangu."

Aliikaza kwa muda, akasema ataleta mpya, akaondoka bila kuuliza zaidi. Alikuwa amekwisha kuelewa, na aliona aibu kwa niaba yao.

Mafuta ya breki hula rangi. Hilo Mukunde alilijua tangu siku Gakwaya alipoangusha tone moja kwenye tangi na kulilaani. Akalizunguka gari la Bayingana taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayetaka kulinunua. Kwenye ukingo wa buti la gari rangi nyeupe ilikuwa imevimba na kuanza kubanduka, madoa manne yaliyopangana kama vidole. Ndani ya buti, chini ya jeki, kulikuwa na spana ya kurekebisha, bado ina utelezi.

Bayingana alikuwa mezani akisoma habari kwenye simu. Mukunde aliiweka spana kando ya kikombe chake na kuketi.

Bayingana aliigeuza simu kifudifudi. Hakukana. Akaanza kumweleza, kwa Kinyarwanda cha chini kabisa, habari ya asubuhi moja alipokuwa akienda kazini, alipokuta motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ameingia chini ya lori, na kiatu kimoja kimebaki katikati ya barabara, na magari yanakikwepa. Siku ile alimwomba Mukunde aache kuendesha. Mukunde alicheka, akambusu kichwani, akaenda kununua glavu mpya. Ndipo akaanza na waya. Alitaka tu isiwake. Kila Jumamosi isiyowaka, yeye alikula chakula chake cha mchana kwa amani.

"Na breki?" Mukunde aliuliza. "Breki haizuii pikipiki kuwaka."

"Nilijua utaibana kwanza. Huwa unaibana."

"Kwa hiyo uliniweka kwenye mteremko ule, ukaniachia desturi yangu initetee."

Bayingana alifunika uso. Alisema hakulala, alisimama dirishani tangu kabla ya kupambazuka, angempigia kelele kama angeona anapanda bila kuangalia. Mukunde alimsikiliza, na alishangaa kuona kwamba anamwamini; kwamba mtu huyu kweli alisimama dirishani akimtazama akibana ile breki, akamwona akikaa kwenye saruji, kisha akarudi mezani na kufungua simu yake.

"Na Mwita ulimbebea godoro," alisema.

Hapo ndipo Bayingana alipolia.

Mukunde hakumruhusu aandike ujumbe wala kupiga simu. Alimwambia kosa lilisemwa mbele ya watu, nalo litafutwa mbele ya watu. Connie alimwita Mwita, na Jumamosi moja wote walikutana Remera palepale. Bayingana alishuka garini katika suti, akasimama katikati ya pikipiki akiwa hana pa kuweka mikono. Alikulia Kampala na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakukikwepa.

"Ni mimi," alisema. "Ile waya, ile fyuzi, ile breki, yote ni mimi iliharibu. Huyu Mwita hana kosa yoyote. Mimi nilinyamaza."

Mukunde naye aliomba msamaha. Mwita aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Akamshika Bayingana mkono, kwa sababu aliyenyooshewa mkono hauachi hewani.

"Nimekusamehe, Mama Shami," alisema. "Ila kuanzia leo ikikuzimikia njiani, mimi nitasimama, nitakuwashia taa za tahadhari, nitampigia fundi. Kuigusa, hapana."

Mukunde aliitikia kwa kichwa.

Pikipiki sasa hulala Kinyinya, kwa Gakwaya. Nyumbani wanakula pamoja, wanakwenda kanisani pamoja, na Shami akija likizo haoni tofauti. Lakini Mukunde hujikuta akikagua gesi iliyokwisha kufungwa na mumewe, akinusa maziwa aliyoyachemsha yeye. Jumamosi moja, akirudi kutoka Rwamagana nyuma ya wenzake, aliona kwenye kioo cha pembeni gari jeupe limekaa umbali wa heshima, halimpiti, halibaki nyuma. Alipunguza mwendo, nalo likapunguza. Hakujua kama mumewe anamlinda au anamfuatilia. Aliwasha taa ya kukata kulia, akasogea kando ya barabara, akazima injini, akangoja mumewe amkaribie ili amuulize.