Fimbo ya Mtu Mzima

Wakili alimpa ndugu yangu Lebusa neno moja tu la kushika: "Ukiulizwa, sema ulikasirika ukampiga hapo hapo." Akatufafanulia kwamba kumpiga mtu kwa hasira ya ghafla ni shambulio la kawaida, huenda faini ikatosha. Kumpiga kwa kudhamiria kumdhuru vibaya ni jela, tena miaka.

Ukweli ulikuwa mbaya. Jirani yetu Sekake aliingiza ng'ombe wake kwenye malisho yaliyofungwa na chifu, na Lebusa alipomkataza, akamtukania marehemu mama yetu. Lebusa alikuwa na ufito wa kuchungia mkononi, lakini hakumgusa. Alirudi nyumbani, akachukua fimbo ya kupigania, ile iliyozungushiwa waya, akapanda mlima tena. Nilimwona nikanyamaza, na najilaumu mpaka leo. Sekake alipoteza jicho.

Mahakamani Mokhotlong hakimu, mama mpole wa mjini, aliuliza, "Ulikuwa na ufito. Kwa nini ukaifuata fimbo hii?"

Wakili akakohoa. Mimi nikamwomba Mungu amtie Lebusa ububu.

"Mheshimiwa, ufito ni wa ng'ombe," Lebusa akajibu, kama anayemfundisha mtoto. "Nimchape nao mtu mzima? Si ningemdhalilisha?"

"Kwa hiyo uliifuata kwa makusudi."

"Ndiyo, mama. Nilitembea saa nzima."

Mjinga yule. Hakimu alikuwa anaandika tu.

Ndipo Sekake akaomba kusema, kitambaa kimefunika jicho. Wazee walikwisha kuchinja ng'ombe wakatupatanisha, naye alikuja kumwokoa mwenzake.

"Huyu hakunivizia," akasema. "Aliniita kwa jina, akangoja nishike fimbo yangu. Hakunipiga kama mbwa. Sina kinyongo naye."

Wazee wetu waliokaa nyuma wakaguna kwa kuridhika. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akasoma: shambulio kwa nia ya kudhuru vibaya, miaka minane.

Nje, Sekake alinishika mkono. "Dada, nimesema vibaya?"

Nilitaka kumtukana, maana yeye ndiye aliyeanza yote haya. Nikashindwa.

"Umesema kweli, kaka," nikamwambia. "Nyote wawili mmesema kweli."

Akakaa chini mlangoni pa mahakama, akalia kwa jicho lililobaki.