Kiyeyushi Hakikukaa Kando

Rahmo, mhadhiri wa kemia, alifungua kichupa, akanusa, akakirudisha mezani kwa kishindo. Alitarajia harufu ya waridi. Iliyompiga puani ilikuwa kali, ya kuwasha macho.

"Friji uliiacha izime tena," alimkemea Yonis, fundi wa maabara ya chuo chao Garissa, wanafunzi wakisikia. "Kimeng'enya kimekufa kwa joto."

"Wallahi sikuiacha, abaayo, dada yangu."

"Basi vyupa hukuviosha."

Yonis alivua koti lake jeupe, na alasiri hiyo akapanda gari la kwao Modogashe.

Rahmo alirudia kazi peke yake, kwa kimeng'enya kipya na vyupa alivyoviosha mwenyewe. Alichukua kiini cha mafuta ya mchaichai na asidi ya siki, ambavyo kimeng'enya kilipaswa kuviunganisha viwe manukato, akavimiminia spiriti viyeyuke. Harufu ikawa ileile.

Jumamosi alikwenda Galbet kwa Ruqiya, mama yake mdogo, kulikokuwa na arusi. Wasichana walikuwa wakifuta rangi ya kucha kabla ya kupakwa hina. Harufu ya dawa yao ilipomfikia, Rahmo aliduwaa na bilauri ya chai mkononi. Ndiyo hiyo harufu ya kichupa!

Kimeng'enya kilichokufa hakitengenezi kitu. Hiki kilikuwa hai, kikichapa kazi. Ila spiriti, aliyoimimina kwa wingi akidhani ni ya kuyeyushia tu, ilikuwa imejiunga na asidi kabla mchaichai haujapata nafasi, ikawa kitu kama hiyo dawa ya kucha.

Alitoka uani akampigia Yonis.

"Walaal, ndugu yangu, nimekukosea. Ni spiriti. Imeingia yenyewe kwenye kazi."

Upande wa pili mbuzi walikuwa wakilia.

"Ulinisema mbele ya watu," Yonis alisema.

"Nitakuomba radhi mbele yao."

Yonis aliporudi chuoni, Rahmo alifanya hivyo, wanafunzi wakitazama sakafu. Kisha wakaanza upya, mara hii kwa heksani, kiyeyushi kisichoungana na asidi.

Siku ya kunusa, Rahmo alimpa Yonis kichupa kwanza. Yonis alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Waridi lipo," alisema. "Kidogo. Siki bado nyingi."

Rahmo alisubiri aseme zaidi. Yonis alifunga kichupa taratibu, akaanza kupanga vyombo vya jaribio la kesho.