Majibu ya Bakili

Nasreen, binti wa wenye duka la vitenge Mtaa wa Narung'ombe, alikuwa mwanasaikolojia. Kazi yake ilikuwa kuwapima wafungwa tabia kabla ya bodi kuamua nani atoke kwa parole, yaani kabla kifungo hakijaisha. Kipimo chenyewe kilitungwa ng'ambo kikatafsiriwa: mfungwa anasomewa sentensi, anajibu kweli au si kweli, kisha alama zinajumlishwa.

Bakili, kuli wa zamani wa Kariakoo aliyefungwa kwa kumjeruhi mwenzake kwenye ugomvi, alijibu taratibu kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Kuna watu wananitazama kila ninachofanya," Nasreen alisoma.

"Kweli." Akamtupia jicho askari aliyesimama mlangoni.

"Kuna watu wanasubiri nafasi waniumize."

"Kweli. Wawili, tunalala nao chumba kimoja."

"Nasikia sauti za watu nisiowaona."

"Kweli. Wanalia upande wa pili wa ukuta."

Nasreen alielewa palepale. Hayo hayakuwa maradhi, yalikuwa maisha ya jela. Alipaswa kuweka kalamu chini, amhoji vizuri, aandike maelezo yake. Lakini joto lilikuwa kali na kwenye benchi nje wengine walikuwa wakisubiri. Akaweka alama, akaendelea. Kwenye taarifa akaandika kwamba Bakili ana shuku nzito na ni hatari kwa jamii. Bodi ikamkatalia.

Wiki chache baadaye alipita kwa Sitara, muuza viungo wa Kariakoo ambaye Nasreen alizoea kununua kwake. Akamkuta macho yamevimba.

"Vipi shoga, mbona hivyo?"

"Ni mume wangu. Nilikuwa nakwambia yuko safari, kumbe aibu tu. Yuko ndani. Wamempima, wanasema anaona maadui kila mahali. Bakili huyu! Tulipokaa Buguruni alikuwa haoni sababu ya kufunga mlango. Tukaibiwa redio, akasema aliyeichukua labda ana shida."

Sitara akamwongezea iliki ya bure. "Chukua, wewe unanisikiliza."

Akaichukua. Akaondoka, akajichukia mpaka nyumbani.

Asubuhi alirudi gerezani.

"Unataka nibadilishe majibu?" Bakili akamuuliza. "Mimi nilisema kweli, dokta."

"Usibadilishe. Nataka unieleze, kama nilivyopaswa kukuuliza siku ile."

Bakili akamweleza yote. Alipomaliza, akamkazia macho. "Lakini siku ile ulinielewa."

"Nilikuelewa."

"Basi hayo kaiambie bodi. Mimi sina la kukusaidia."

Kwa Sitara ilikuwa ngumu zaidi. Nasreen alisimama mbele ya meza yake, akasema ni yeye aliyeandika taarifa ya Bakili. Sitara hakupiga kelele. Alimhudumia mteja mwingine, akamrudishia chenji, kisha akasema, "Nenda, dada. Nina kazi."

Mkuu wake wa kazi, Bwana Muhiddin, alimsihi aiache taarifa ilivyo. "Ukiifuta hii, zote ulizowahi kuandika zitatiliwa shaka."

"Zitiliwe shaka, mzee."

Akaifuta kwa barua. Akasimamishwa upimaji, akaamriwa kuzipitia upya taarifa zake za nyuma pamoja na mwenzake Agnesi. Bodi ikamsikiliza Bakili upya, na kabla ya mvua za masika akatoka. Nasreen alimwona mara moja tu Kariakoo, amebeba gunia la tangawizi, Sitara akimfungulia njia. Nasreen akakata kona, akashika mtaa mwingine.

Siku hizi anakaa na Agnesi ofisini wakisoma jina baada ya jina. Juzi Agnesi alimsomea moja, naye huyu aliandikwa ana shuku nzito.

"Unamkumbuka?"

Nasreen alijaribu. Alitafuta sauti, sura, hata namna mtu yule alivyokaa kwenye kiti. Hakuna kilichokuja.

"Bado yuko ndani?" akauliza.

"Bado."

Nasreen akavaa ushungi wake vizuri, akasimama kwenda kumtafuta.