Waliomtangulia Mbiti

Kaluki alikuwa amekaa hospitalini, kando ya kitanda cha mwanawe Mumbua, amejaa hasira. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa, degedege imemshika tangu asubuhi, na sasa hata mamake hamtambui. Mwaka uliopita, 1992, dada ya Mumbua, Ndila, alianza hivi hivi. Walimtibu malaria, akafa. Tangu mazishi, mama mkwe Syombua alikuwa akinong'ona Kikima nzima kwamba Kaluki ni mchawi anayekula wanawe, na wanawake wa kanisa wakaacha kunywa chai kwake.

Daktari alisema uchawi haumo. Alishuku kirusi, kile kile kinachowatia watu vidonda vya midomo, na wengi hakiwadhuru zaidi ya hapo. Ila kuna watoto ambao kikipanda kwenye ubongo, miili yao haijui kukizuia, na yeye alikuwa ameanza kuamini udhaifu huo hupita katika damu ya ukoo. Dawa ilikuwako, chupa chache tu, na hakuthubutu kuitumia kwa kubahatisha. Kifo cha Ndila peke yake huenda kweli kilikuwa malaria. Je, kuna watoto wengine waliokufa hivyo, upande wa mama au wa baba?

Kwao Kaluki hakukuwa na hata mmoja. Syombua naye, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, alijibu bila kupepesa macho kwamba kwake hakujafa mtoto, waulizwe vizuri hao watu wa Kalamba waliomzaa huyu.

Daktari akasema basi, wangoje vipimo. Nesi akamwita baba wa mtoto, Jonathan Mbiti, aje atie sahihi ya vipimo. Kaluki alimwona mumewe akiinuka, na hapo akili ikamfunguka. Kwa Kikamba, mbiti ni fisi. Ukambani jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo kimdharau, kimwache. Miaka yote alidhani mumewe amelirithi. Alirithi kwa nani? Babu yake mzaa baba aliitwa Muli, na kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu. Huyu anayeitwa kifungua mimba, mbona hakulichukua?

Heshima yote ya mkaza mwana ikamtoka. Akasimama mbele ya Syombua, ambaye humwita Mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, mwanao Muli alizikwa wapi?"

Mbiti alimgeukia mamake, kalamu mkononi.

"Nyuma ya boma," mama akasema. "Yeye na dada yake. Homa ilipanda kichwa, hivi hivi."

Daktari hakungoja mengine. Alileta dawa, Mumbua akaanza kudungwa saa ile ile.

Siku mtoto alipomwita mamake tena, Syombua alikuja na uji, akakaa mbali kidogo. Alisema aliogopa, kwa sababu watu huchunguza ukoo kabla ya kutoa binti.

"Sasa wewe kama ungejua, ungekubali kuolewa kwetu?"

Kaluki aliendelea kumlisha mtoto. Mkono ulimwasha kumpiga yule mama.

"Ningekubali, Mwaitu," akasema. "Na Ndila saa hii angekuwa darasa la kwanza."