Nyumba Ilikuwa Tupu

Simu ilipolia nilikuwa nimeshika darubini ya watu, naitazama Kobani, mji wetu sisi Wakurdi wa Syria, kutoka upande wa Uturuki, na mama mwenye darubini yake ananivuta mkono nimrudishie.

"Shemeji!" Alikuwa Shemo, mdogo wa marehemu mume wangu, anahema. Alibaki mjini kupigana, na kazi yake ilikuwa kutaja nyumba walizoingia wapiganaji wa Daesh ili ndege za Marekani na washirika wake zizipige. "Wamepanda kwetu. Wameweka bunduki kubwa juu ya paa, wanatumaliza. Nyumba ni tupu, si ndiyo?"

Ilikuwa mchana kweupe. Tulikuwa mamia pale kilimani, na birika zetu za chai na mbegu za alizeti, tunautazama mji wetu ukiungua kama watu waliokuja kuangalia mpira.

"Tupu," nikasema.

"Na mama?"

"Yupo hapa, salama."

"Nipe nimsikie sauti."

"Amelala, shemeji. Hajapata usingizi siku mbili."

"Basi mwache. Mungu akulipe, shemeji yangu." Akakata.

Mama mkwe wangu alikuwa ndani ya nyumba ile.

Siku tano kabla ya hapo nilimwacha kwenye godoro lake. Nyonga ilikuwa imemvunjika tangu majira ya baridi, na mwili alikuwa nao, si wa kubebwa na mwanamke mmoja. Trela ya jirani ilikuwa imejaa. Niliwasukumiza watoto wangu watatu juu ya magunia, mimi nikaning'inia nyuma. Nilimwachia mkate, zeituni na ndoo ya maji.

"Narudi kabla ya jua kuzama, mama."

"Peleka watoto, acha maneno mengi," alisema. "Na ukirudi niletee sigara. Hiyo chai yako, Zozan, hata mbuzi hawezi kuimaliza."

Nilicheka. Aliniudhi miaka kumi na mbili kwa ajili ya chai, na siku ile nilicheka.

Sikurudi. Sitaki kusingizia askari wala mabomu, maana njia ilikuwa wazi mpaka wakati wa Magharibi. Watu walirudi kuchukua unga, wakarudi kuchukua mablanketi; mzee mmoja alirudi kumfuata batamzinga wake, akaja naye kwapani. Mimi nilikaa kando ya waya wa mpaka wa Uturuki, nikala mkate na wanangu. Nikajiambia nikiwaacha watapotea. Jirani aliyetuleta alikuwepo, angewatazama, na nilijua. Angekuwa mama aliyenizaa ningekwenda hata kwa magoti. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Jioni askari wakafunga mpaka. Watu wakaanza kuuliza, mama mkwe yuko wapi? Kwetu mtu akimwacha mzee nyuma hana pa kuuficha uso. Nikasema amepanda gari la akina Hemo wa mtaani kwetu. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya kumi nilikuwa naongeza mpaka rangi ya gari.

Kwa hiyo Shemo aliponiuliza, jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Nilikuwa na muda wa kumpigia tena. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Nikajiambia akijua atakimbilia ndani, watamuua. Nikajiambia tena, mama huenda ameshakufa, siku tano si mchezo. Uongo mtupu! Nilikuwa naona haya, basi. Niliona haya mbele ya watu nisiowajua hata majina.

"Nani huyo, mchumba?" aliniuliza yule mama wa darubini.

"Shemeji yangu. Yuko vitani."

"Basi changamka, mwanangu, umekuwa kama uliyemeza ndimu." Akainua uso mbinguni, ambako ndege ilisikika bila kuonekana. "Piga, baba, unangoja nini? Jamani, rubani huyu mama yake lazima ni Mkurdi!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha ardhi ikatetemeka, na moshi ukapanda nyuma ya mnara wa msikiti wetu, mahali penyewe, sikuhitaji darubini. Wanawake wakapiga vigelegele. Yule mama akanigeukia, anangoja na mimi nipige.

Nikapiga.

Mji ulipokombolewa tulirudi, Shemo akatupokea mpakani upande wa Syria. Nilimwambia mama alikufa kwa baridi kambini, tukamzika Suruç, huko Uturuki. Alilia, akanibusu mkono, mimi! Akasema kama nisingemtoa, angekuwa amemuua mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka umefungwa, hawezi kwenda kulitafuta kaburi. Kwa hiyo kila Idi hupanda juu ya paa la nyumba anayokaa, akaelekea kaskazini, akamsomea Fatiha. Kiwanja chetu chenye vifusi vya nyumba ile hukipa mgongo. Wanangu amewalea yeye. Hajaoa mpaka leo kwa sababu yao.

Miaka saba nilimzuia asikiguse kile kiwanja. Mara nilisema kuna mabomu hayajalipuka, mara nikasema watoto wakue kwanza. Wakakua. Mkubwa akapata mchumba, na asubuhi moja nikasikia ngurumo mtaani. Shemo alikuwa amekodi katapila bila kuniambia. Alitaka kunifurahisha.

Nilitoka na viatu vya ndani. Katapila lilikuwa limeshaondoa ukuta wa uani.

"Mwambie azime," nikasema.

"Shemeji, nenda ndani, vumbi hili litakuua. Tunamjengea bwana harusi."

"Mwambie azime, Shemo! Mama yumo humu."

Akacheka kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri. Halafu akanitazama, na kicheko kikamwisha. Akamwashiria dereva azime. Nilitaka anipige, wallahi, nilimsogelea ili asipate shida.

"Chumba kipi?" aliuliza.

"Cha mbele. Chenye dirisha la mtaani."

Akatikisa kichwa polepole.

"Ndicho nilichowaambia wapige," akasema, akakaa chini palepale, juu ya matofali.

Dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kama aendelee.