Daraja la Chumba cha Mtoto

Mama mkwe alikuwa anatafuta pasi. Badala ya pasi akakuta vitofali vya plastiki, vyekundu, vya njano na vya buluu, vimetapakaa sakafuni katika kile chumba tulichokiita chumba cha mtoto, na daraja jembamba limetoka dirishani hadi kwenye ukingo wa kitanda kidogo cha mbao. Akashika fremu ya mlango. Akamshukuru Mungu, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti iliyonifikia jikoni. Nilipotokea na mikono yenye povu la sabuni, hakunitazama usoni. Alinitazama tumbo.

"Mwanangu," akasema, "kwa nini mmenificha?"

Nilikaribia kucheka. Hata mama yangu mzazi angekosea vilevile: nyumba isiyo na mtoto ikiingia vitu vya kuchezea, basi mtoto yuko njiani. Nani angewaza kwamba mwenye vitu hivyo ni mwanamke mzima, mwendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, ambaye wanaume wa zamu yake humwita Winchi na kumwogopa kidogo?

Vilikuja nyumbani katika katoni lililochanika. Lilidondoka kutoka rafu ya juu, na si mimi niliyeliangusha, hilo naomba lieleweke. Msimamizi akasema halifai tena kuuzwa, anayelitaka achukue. Nikalichukua nikiwaza kumpelekea mtoto wa kaka yangu. Jioni ile nikakaa chini kuhakikisha kwamba vipande havijapotea, nikaunganisha viwili, na ule mlio mdogo wa kubanana ukanifurahisha kuliko nilivyotarajia. Nilipokuja kushtuka, mume wangu alikuwa mlangoni ameshika sufuria, ananionyesha chakula chetu kilivyogeuka mkaa.

"Kutwa unapanga makatoni," akasema. "Umerudi nyumbani, unapanga tena."

"Hivi havina msimamizi," nikamjibu.

Mtoto wa kaka hakuviona. Nilipokuwa mdogo, vitofali vya namna ile vilikuwa vya huyo huyo kaka, na mimi nilikuwa mletaji tu. "Kirefu! Chekundu!" angeagiza, nami ningetambaa chini ya makochi kuvitafuta. Nilipoanza kujenga kumshinda, mama akasema nimekuwa msichana mkubwa, niingie jikoni, na kopo zima la vitofali likagawiwa kwa binamu zetu. Sikulia. Nilinuna, na nadhani kununa kule hakukuwahi kuisha.

Basi nikahitaji mahali pa kujengea, na katika nyumba yetu kulikuwa na chumba kimoja tu kisicho na kazi. Mume wangu alikipaka rangi mwaka tuliooana. Kitanda alikileta mama yake. Mume wangu mwenyewe alilala humo alipokuwa mchanga, na alama za meno yake ziko kwenye ukingo. Kwa miaka tulikifagia, tukakifungulia dirisha, tukapita mlangoni pake kwa kunyata kana kwamba kuna aliyelala ndani. Mtaani kwetu wanawake huitana kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Mimi waliniita Jirani. Walisema kwa wema, na kila siku iliniuma.

Kisha daktari akatuambia, bila kuzungukazunguka, kwamba hatutapata mtoto. Tulitoka pale tumeshikana mikono kama vipofu. Mume wangu akasema atamwambia mamake yeye mwenyewe, nimwachie. Kila mwisho wa juma alikwenda kumwona, na kila mara alirudi na mboga za bustanini kwake na habari hajazitoa.

Wakati yeye anatafuta maneno, mimi nilijenga daraja. Lilianguka. Nikalijenga upya, nikivipishanisha vipande kama tunavyopishanisha makatoni ghalani, kiungo kisikae juu ya kiungo, nalo likaanguka tena, safari hii mbele kidogo. Mume wangu akashauri gundi. Nikamwambia akitia gundi kwenye daraja langu, atalala nayo kitandani. Sikutaka kitu cha kudumu milele. Nilitaka kitu kinachosimama kwa sababu nimekipanga sawasawa.

Sasa mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti karibu na mlango wa chumba, machozi yakimtoka kwa furaha, akihesabu miezi kwa vidole. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake ukumbini. Nilimtazama. Alinitazama. Akainamia viatu vyake. Nikajua kwamba nikinyamaza pale, nitanyamaza maisha yangu yote.

"Mama," nikasema, "vitofali ni vyangu. Navichezea mimi."

Akatabasamu. "Haya, cheza. Mwenyewe akija utampa."

"Hatakuja, mama. Daktari ametuambia. Ni muda sasa."

Vidole vyake vikabaki hewani. Akageuka taratibu kumtazama mwanawe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilishindwa kukwambia."

Maji niliyoyaacha yakitiririka jikoni yakafurika kwenye sinki, tukayasikia yakimwagika, na hakuna aliyekwenda kufunga bomba. Mwishowe akaniuliza mimi, si mwanawe: "Kwa hiyo umekata tamaa, umeamua kucheza?"

"Kusubiri ndiko nimeacha, mama. Kucheza nacheza kwa sababu napenda. Na chumba hiki nakitaka."

Sikupandisha sauti. Sauti ilinitii, na hilo najivunia mpaka leo. Yeye akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga, na haikuwa tabia yake.

Siku chache baadaye akampigia mwanawe simu: arudishiwe kitanda chake. Hakusema zaidi. Mume wangu akasema labda tungoje hasira zipoe. Nikamwambia alete bisibisi. Nilibandua upande wa daraja ulioegemea ukingo, kipande kwa kipande, yeye akifungua skrubu na kujifuta uso kwa mkono wa shati. Tulilia wote wawili, kila mtu na kazi yake mkononi. Kitanda kilipotoka, chumba kilionekana kikubwa ajabu, na mimi nikaogopa kuingia.

Niliingia hata hivyo. Nilipigilia ubao ukutani, upande wa pili, nikaanza upya: dirishani hadi kwenye ubao, urefu wote wa chumba, bila nguzo katikati. Mama mkwe hakuja. Nilimtumia salamu, hazikurudi. Nilimkosa yule bibi, sifichi. Ndiye aliyenifundisha kumwelewa mwanawe. Lakini kila nilipofikiria kukusanya vitofali na kwenda kuomba radhi, nilijiuliza ninaombea radhi kitu gani, na sikupata jibu. Nikitoka kazini nilioga, nikala, nikajenga. Mume wangu akawa mletaji, na ni mletaji mbaya. Ukimwagiza kifupi analeta chochote kilicho karibu.

Ilikuwa mchana wa Jumapili. Ncha mbili za daraja zilikuwa zimekaribiana, nami nimezishika, moja kila mkono, nikitafuta namna ya kuzikutanisha bila kuziachia. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Nikasikia mume wangu akiamkia, na sauti ya mama yake ikimjibu kwa kifupi, kisha hatua zake nzito zikija ukumbini. Mlango wa chumba ulikuwa nusu wazi. Ilikuwa nyumba ya mwanawe; hakuna chumba humo, hata chetu cha kulala, alichowahi kusita kukiingia.

Hatua zikasimama. Nikaona ncha za viatu vyake kwenye kizingiti.

Akagonga ubao wa mlango mara mbili.

"Hodi," akasema.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye daraja, na macho yalikuwa yamejaa.

"Karibu, mama," nikasema.