Kabari Chini ya Kisigino

Ubao ulimteleza kwenye kona ya pili, kama jana na juzi, na Ciril akaburuzwa kwa makalio mpaka kwenye wavu wa pembeni. Akalala hapo kidogo, miguu yote miwili ikiwa bado imefungwa kwenye ubao mmoja mrefu, imeelekea angani. Theluji ilimwingia shingoni. Kutoka chini, kwenye kibanda cha kukodisha vifaa, akasikia mtu anapiga makofi.

"Hongera, shemeji! Mwaka huu unapiga deki mlima mzima!"

Alikuwa Vinko, kaka wa mkewe, fundi wa mbao za theluji na mwenye mdomo usio na breki.

Pale kijijini Jelovje, anayesawazisha theluji kwa mtambo alfajiri ndiye anayeshuka wa kwanza, kabla lifti ya viti ya kupandisha wageni haijafunguliwa. Ni desturi, haijaandikwa popote. Mtambo ukishapita, mlima huwa na mifuo midogo midogo kama shamba la mchwa, na anayeshuka huchora juu yake mstari wake. Kijiji kinausoma kikinywa kahawa. Mstari mwembamba na wenye kina, kama wa kisu, maana yake ubao ulilalia makali yake ya pembeni kona zote na haukuteleza. Mstari mpana uliovurugika huitwa siagi. "Leo kapaka siagi," watu husema, na hiyo siagi humfuata mtu mpaka kwa muuza nyama.

Ciril, dereva wa mtambo huo, alikuwa amechora mistari safi tangu ana nywele. Halafu msimu wa majani kupukutika, msituni, gogo la msonobari likabingirika na kuukalia mguu wake wa kushoto. Madaktari waliuokoa, ila kifundo walikifunga kwa vyuma, hakikunjiki tena. Hakulalamika. Chini ya lile gogo alikuwa ameshaiaga dunia moyoni, na ni Vinko, peke yake, aliyeliinua kwa mti mpaka pua ikamtoka damu. Tangu siku ile Ciril alitaka kumshukuru. Lakini unamshukuruje mtu ambaye hanyamazi?

Alikuwa ameapa mbele ya watu: ikifika Jumamosi ya kanivali bado anapaka siagi, ubao wake ukatwe ufanywe benchi, kama zinavyofanywa mbao zilizokufa. Jumamosi ndiyo leo. Vinko alikuwa ameshachonga miguu ya benchi, na miguu hiyo ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana, inangoja.

"Leta nione," Vinko alisema Ciril alipoingia karakana akichechemea. Akaulaza ubao mezani, akavigusagusa vishikizo vya viatu. "Vyote umerudisha palepale pa zamani?"

"Palepale. Nilitia alama kwa rangi." Ciril alisema hivyo kwa majivuno. Pembe za miguu, upana wa kusimama, na zile kabari mbili: ya mguu wa mbele, ule wa kushoto, chini ya vidole, ya mguu wa nyuma chini ya kisigino, ili magoti yaelekeane. Kila mchongaji wa theluji pale, yaani anayeshuka kwa makali, husimama hivyo. "Alama hazina kosa."

"Basi kosa ni wewe. Nilete msumeno?"

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Zofka, mke wa Ciril na mpishi wa mgahawa wa pale mlimani, aliingia na sufuria ya žganci, ugali wa kwao, na jagi la maziwa ya mgando, aproni yake ya jikoni ikiwa na unga.

"Siagi iko kwenye kona unazolalia kisigino tu," alisema. "Za vidole ni safi. Nimeangalia dirishani."

"Tunajua," wanaume walijibu pamoja.

"Mnajua, na mmekaa." Akakitazama kiatu kigumu cha kushoto, ambacho Ciril alikuwa amekivua na kukibana kwenye kishikizo cha mbele, vidole juu. Kisha akamgeukia kaka yake. "Huyu hapa, nyumbani anavaa viatu vyangu."

Ciril akauinamia ubao.

"Vipi?" Vinko aliuliza.

"Vile vya mbao vya jikoni, vyenye kisigino kirefu. Anadhani sioni."

Vinko alicheka mpaka akashika meza. Ciril akawa mwekundu mpaka masikioni. "Vyangu vinaniangusha kinyumenyume!" alifoka. "Vyako angalau vinanisukuma mbele, naweza..."

Akakatisha. Vinko naye akaacha kucheka. Wote watatu waliitazama ile kabari ya mbele.

"Mungu wangu," Vinko alisema taratibu. "Vidole tumevipandisha, na kifundo hakikunjiki. Basi mguu mzima unalala nyuma, goti linanyooka, uzito unakimbilia nyuma. Makali yatashika nini?" Tayari alikuwa na bisibisi mkononi.

"Hakuna mchongaji anayeinua kisigino cha mbele," Ciril alisema.

"Na hakuna anayevaa viatu vya mkewe. Shika hapa."

Wakaigeuza kabari, ikakaa chini ya kisigino.

Upande wa kushoto wa mlima ulikuwa umebaki ukanda ambao hakuna aliyeugusa. Ciril alipanda juu kwa mtambo wake, akateremka. Kona ya vidole ikaja, safi. Halafu ya kisigino. Akaketi hewani kama mtu anayetafuta kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu msituni goti likatangulia, ugoko ukaegemea ulimi wa kiatu. Makali yakauma. Ubao ukaimba chini yake, ukamzungusha, ukamkabidhi kwa kona iliyofuata. Ya tano ilikuwa na siagi kidogo. Akacheka peke yake.

Chini alimkuta Vinko amesimama, kiganja juu ya macho.

"Vinko," alisema, akihema. "Siku ile, lile gogo..."

"Kelele. Nasoma."

Akasimama kando yake, wakasoma pamoja. Vinko aliufuata mstari kwa kidole, kona moja moja, na hata ile ya tano hakuitania. Mwishowe alimpiga Ciril begani, akaenda karakana kuiondoa ukutani ile miguu ya benchi.

Jikoni mwa mgahawa, Ciril alivua vile viatu vigumu karibu na jiko. Zofka, akiwa na soksi tu, akasukuma kwa mguu viatu vyake vya mbao mpaka mbele ya mumewe, wahudumu wote wakiona. Akavivaa. Akasimama wima.

Nje lifti ilianza kunguruma. Wageni wa kwanza walipanda wakining'inia wawili wawili juu ya ule ukanda wa kushoto, na mmoja baada ya mwingine wakainama vitini mwao kuutazama mstari ule chini.